Mwongozo kamili: kuanzisha darasa la maigizo kwa wazee wa LGBT (mashoga, lesbiani, wanaopenda jinsia zote na waliobadili jinsia), na kwa nini linawasaidia kweli

Kabla ya hatua yoyote tuelewane kitu kimoja, maana watu wakisikia darasa la maigizo la wazee wanafikiri ni la kupitishia mda tu, wacheke kidogo wanywe chai warudi nyumbani. Sasa angalia, kwaya ukikosa wiki moja inaendelea kuimba, labda aliezoea kusimama karibu na wewe ndo atagundua. Lakini kwenye igizo la watu wawili usipofika mwenzako anabaki amesimama pale hana wa kujibizana nae, darasa zima linauliza fulani yuko wapi leo. Kwa mtu anaeishi peke yake, ambae siku zinapita bila mtu kumwita kwa jina, kule kusubiriwa ndo dawa yenyewe. Mazoezi ya sauti, viti, chai na vingine vyote nitakavyotaja huko chini vinafuata hapo: panga darasa ambalo mtu akikosekana pengo linaonekana.

Naongelea Uingereza, kwa sababu ni huku haya madarasa yanawezekana waziwazi na ni huku waswahili wengi tuko kwenye kazi za kea, tunawaogesha na kuwalisha hawa wazee bila kujua nusu ya maisha yao. Kama unasoma ukiwa Nairobi, Dar au Kampala, ambako kanuni za adhabu tulizoachiwa na mkoloni bado zinahukumu haya mambo na Uganda wakaongeza sheria nyingine kali 2023, usichukue hii kama template ya kubandika tangazo mtaani. Chukua yale ya mazoezi, mengine pima mwenyewe hatari yake.

Kwa nini darasa lao wenyewe, si wajiunge na la wazee wengine tu?

Wanaweza, na wapo wanaopenda hivo. Ila Stonewall, shirika la kutetea haki za watu wa LGBT, walifanya utafiti Britania uliotoka 2011, wakahoji watu wa miaka zaidi ya 55, wakakuta asilimia 41 ya mashoga, lesbiani na wenye kupenda jinsia zote wanaishi peke yao, wakati kwa wengine ni asilimia 28. Kwenye watoto ndo kuna tofauti kubwa zaidi, kwa wanaopenda jinsia tofauti karibu tisa kati ya kumi wana watoto, lakini kwa wanaume mashoga na wanaopenda jinsia zote ni zaidi kidogo ya robo, kwa wanawake ni nusu hivi. Sasa nenda kwenye klabu ya kawaida ya wazee usikilize maongezi, ni wajukuu, ni mume wangu marehemu, ni binti yangu anakuja jumapili. Mtu aliezika mpenzi wake wa miaka thelathini huku majirani wakijua ni "rafiki aliekuwa amepanga nae" atasema nini hapo? Anakunywa chai yake anaondoka, alafu tunasema yule mzee hapendi watu.

Na maigizo kama maigizo yana faida iliyopimwa. Marekani, watafiti Helga na Tony Noice pamoja na mwenzao walichapisha 2004 kazi waliyofanya na wazee 124 wa miaka 60 mpaka 86, kundi moja likasoma uigizaji wiki nne, lingine sanaa za kuona, lingine halikupewa kitu. Kundi la uigizaji ndo lilitoka vizuri zaidi kwenye kukumbuka maneno, kutatua matatizo na hali ya kujisikia vizuri. Na hawakukaririshwa mistari kama watoto wa shule, walifundishwa kuingia kwenye nia ya mhusika, anataka nini na kutoka kwa nani. Shika hiyo, tutairudia kwenye hatua ya tano. Shirika la Afya Duniani nalo 2019 lilitoa ripoti iliyopitia tafiti zaidi ya 3,000 za sanaa na afya na picha ya jumla ikawa nzuri.

Hatua ya 1: Jua miaka waliyopitia

Usiruke hii hata kama una haraka. Chukua mwanaume aliezaliwa 1948. Sheria ilipolegezwa England na Wales mwaka 1967 iliwaachia wanaume waliofika miaka 21 tu na wawe faragha, yeye 21 alikuwa hajafika, kwa hiyo sheria imelegezwa na yeye bado ni mhalifu. Akiwa Scotland alisubiri mpaka 1980, Ireland ya Kaskazini mpaka 1982. Mwaka huohuo wa 1982 Terrence Higgins akafa London, kati ya watu wa mwanzo kabisa Uingereza kujulikana wamekufa kwa ukimwi, na miaka iliyofuata mtu huyu anaweza kuwa alizika nusu ya marafiki zake kabla hajafika 45. Mwaka 1988 ikaja Section 28 kukataza halmashauri "kukuza" ushoga, walimu wakafunga midomo, na England na Wales haikufutwa mpaka 2003. Jeshini walikuwa wanafukuzwa mpaka 2000. Ndoa ya jinsia moja ikaruhusiwa 2014 England, Wales na Scotland, yeye ana pensheni tayari.

Wanawake sheria haikuwafunga, ila mahakama ziliwanyang'anya watoto wakati wa talaka, na ukiwa na mwanamke wa miaka 80 darasani ambae hataki kabisa igizo lenye mtoto ndani yake basi usimlazimishe na usimuulize. Waliobadili jinsia, utambuzi wa kisheria ulikuja na sheria ya 2004.

Alafu kuna hili linahusu jukwaa moja kwa moja. Mpaka 1968 kila igizo la kulipia Uingereza lilipita kwanza mezani kwa Lord Chamberlain, ofisa wa ikulu, na mpaka 1958 kuwataja mashoga jukwaani ilikuwa marufuku kabisa. Kwa hiyo teatri ilikuwa sehemu walipojificha na kufanya kazi wengi wao, na wakati huohuo sehemu ambayo wao wenyewe hawakuruhusiwa kuonekana. Mzee akiingia kwenye darasa lako anaingia na hayo yote.

Ukijua haya utaelewa kwa nini anachungulia mlangoni mara mbili kabla hajaingia. Usichukulie ni dharau.

Hatua ya 2: Ukumbi na saa

Ghorofa ya chini au lifti inayofanya kazi kweli. Choo karibu, cha kutumiwa na yeyote bila kubishana. Viti viwe na mikono ya kushikia mtu anaponyanyuka na visiwe na magurudumu, hili watu wanapuuzia mpaka mtu aanguke. Uliza kama kuna mfumo wa kusaidia wanaovaa vifaa vya masikio, na zima muziki wa nyuma, kelele ndogo tu mtu asiesikia vizuri anapoteza maongezi yote. Ukumbi wa kanisa ni wa bei rahisi na makanisa mengine yana roho nzuri, ila ulizia wanachama wako kwanza, wapo waliotengwa na kanisa wakiwa na miaka ishirini na hawajasahau.

Saa: mchana, kuanzia saa tano asubuhi mpaka saa saba hivi. Kadi ya basi ya bure ya wazee England siku za wiki inaanza kufanya kazi saa tatu na nusu asubuhi, na kipindi cha baridi saa kumi jioni giza limeingia, mzee hatotoka tena. Darasa la jioni utapata wale wenye nguvu tu, wale ambao hawakuhitaji sana.

Mlangoni andika jina la kikundi, sio LGBT kwa herufi kubwa barabarani. Kwenye tangazo andika waziwazi, mlangoni mpe mtu nafasi ya kuingia bila mtaa mzima kujua.

Hatua ya 3: Kuwapata watu

Wale waliojitenga zaidi hawapo Instagram. Weka karatasi maktaba, famasi, kliniki ya GP (daktari wa mtaa), klabu za zamani za mashoga zilizobaki. England NHS, huduma ya afya ya serikali, ina wale wanaoitwa link workers, kazi yao ni kumuunganisha mgonjwa na shughuli za mtaani badala ya kumwandikia dawa tu, hao watafute mapema na uwaelezee vizuri maana wakikuelewa watakuletea watu mpaka ushangae. Mashirika kama LGBT Foundation Manchester nayo yana programu za wazee.

Maneno ya tangazo, hapa wengi wanaharibu. Usiandike "wapweke", hakuna mtu duniani anataka kujiunga na darasa la wapweke. Usiandike "tiba". Andika maigizo, miaka 50 na kuendelea, huhitaji uzoefu, unaweza kuja kuangalia tu mara ya kwanza, unaweza kuja na rafiki. Weka namba ya simu inayopokelewa na binadamu, na ukipigiwa usishangae mtu akaongea dakika ishirini kuhusu hali ya hewa kabla hajauliza darasa ni la bei gani. Anakupima huyo.

Hatua ya 4: Makubaliano ya siku ya kwanza

Yawe machache na yasemwe kwa mdomo, sio karatasi ya kurasa sita. Yanayosemwa humu yanabaki humu. Kila mtu ana haki ya kusema "napita" bila kueleza sababu. Hakuna picha bila ruhusa ya maandishi, na gruupu la wasap ni hiari, maana ukimuingiza mtu namba yake inaonekana na wote na labda simu anaiangalia mtoto wa dada yake. Kugusana ni kwa kuomba.

Jina: mwache mtu achague jina analotaka humu ndani. Wapo walioishi na majina mawili, la kazini na la klabu, na kuitwa tena lile la klabu kwa sauti kubwa mchana kweupe, nimeona mtu akinyooka mgongo.

Na sisi waswahili tuangalie hili kwa makini. Kwetu "yeye" ni yeye tu, kwa hiyo tukiongea kiingereza tunachanganya he na she kila siku bila kukusudia, mama yangu he said na kadhalika, wenzetu wakituzoea wanacheka. Kwenye darasa lenye mwanamke aliebadili jinsia akiwa na miaka 60 hilo kosa linauma vibaya, yeye hajui kama ni lugha yako, anajua amesikia tena kitu kilekile. Waambie mapema kwamba unachanganya hata kwa watu wote, ukikosea rekebisha kwa neno moja na uendelee, usiombe msamaha dakika tano mpaka aanze yeye kukubembeleza.

Hatua ya 5: Darasa lenyewe

Masaa mawili, na nusu saa ya hayo ni chai katikati. Chai isiwe mwishoni, mwishoni wanakimbilia basi. Hapo kwenye chai ndo nusu ya faida inapatikana kwa hiyo usiipunguze hata mkichelewa.

Anza mkiwa mmekaa. Pumzi, mabega, viganja, vifundo vya miguu, alafu sauti, kutoka mmm mdogo mpaka aaa ya kujaza ukumbi. Mtu anaeishi peke yake sauti yake inakauka kweli, baada ya wiki kadhaa utawasikia wanavyobadilika hata kwenye simu. Kisha mpira wa sauti: unamrushia mtu mpira ambao haupo, unaita jina lake, anaudaka anamrushia mwingine. Ni wa kitoto kabisa, lakini kila mtu ameitwa jina mara nyingi ndani ya dakika tano na wenye shida ya kukumbuka majina wameyashika bila aibu.

Baada ya hapo watu wawili wawili, kioo: mmoja anasogeza mkono taratibu mwingine anafuata, wote wamekaa. Usiruhusu kukimbia wala kubadilishana viti kwa kasi, mguu mmoja ukiteleza darasa limeisha na mtu yuko hospitali amevunjika nyonga.

Sasa igizo. Kumbuka yale ya nia. Mchezo ninaoupenda ni benchi: A amekaa kwenye benchi, B anataka akae peke yake hapo, afanye A aondoke bila kumgusa na bila kumwomba. Basi. Utaona mwanamke mpole aliekuwa karani miaka arobaini anaanza kuimba nyimbo za matusi sikioni kwa mwenzake. Hakuna mistari ya kukariri kwa hiyo hakuna kusahau, kuna kutaka kitu na kumsikiliza aliepo mbele yako, na hiyo ndo kazi ngumu ambayo ubongo unaipenda. Ongeza ugumu wiki kwa wiki: A ni kiziwi, B ana siri, benchi ni la msibani.

Mkifika kwenye skripti, herufi kubwa, 16 au 18, karatasi ya rangi ya krimu isiyong'aa, na waruhusu washike karatasi mpaka siku ya mwisho. Ukianza kuwapima nani amekariri unawakumbusha kile wanachokiogopa kuliko vyote.

Kama una wanaojua Polari, ile lugha ya mafumbo ya mashoga, mabaharia na watu wa teatri ya zamani, mwache mmoja awafundishe wengine maneno machache mfanye igizo la kununua kabichi sokoni huku mnamsema muuzaji mbele yake. Sisi tulikuwa na kinyume utotoni ili wakubwa wasielewe, wao walikuwa na hii ili polisi wasielewe. Na siku hiyo mwalimu ni yeye, wewe ndo huelewi kitu.

Hatua ya 6: Habari za maisha yao, taratibu

Kosa kubwa la madarasa haya, na naona linarudiwa na watu wenye nia nzuri kabisa, ni kuanza wiki ya kwanza na "tuambie historia yako". Mfadhili anapenda sana hizo historia. Lakini huyu mtu maisha yake yote alikuwa anahojiwa, na polisi, na daktari (ushoga ulikuwa kwenye orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani mpaka 1990), na kasisi, na mama yake. Sasa na wewe unataka. Wiki tano sita za mwanzo fanyeni upuuzi tu. Mashetani, mabenchi, wafalme wenye mafua.

Zikija zenyewe, na zitakuja, kwenye chai kawaida, zipe umbali. Weka vitu mezani, funguo, glavu moja, tiketi ya zamani, kila mtu achague kimoja akipe historia ya mtu mwingine kabisa. Wanaoficha yao humo ni hiari yao na usiwe mpelelezi. Njia nyingine, aliesimulia asiigize, aongoze: wengine wanacheza yeye anasema hapana, alikuwa na hasira zaidi ya hivo, rudia. Nimeona hii ikifanya kazi kuliko kulia mbele za watu, maana tukio ambalo zamani lilimtokea tu bila uwezo wake, sasa yeye ndo analipanga, analisimamisha, analibadilisha mwisho akitaka.

Mtu akilia simamisheni zoezi, maji, kiti, mtu mmoja akae nae, wengine waende chai mapema. Usitafsiri hisia zake. Wewe sio mtaalamu wa tiba, na Uingereza dramatherapist ni cheo kinacholindwa kisheria, huwezi kujiita hivo bila kusajiliwa. Kuwa na karatasi yenye namba za msaada, Switchboard ipo toka 1974 na inapokea simu za watu wa LGBT wa kila umri.

Na mapenzi jukwaani. Wengi hawajawahi kuona wanaume wawili wa miaka 75 wakiigiza mapenzi bila kuwa kichekesho. Wape hiyo nafasi wakiitaka. Mpe mama wa miaka 80 jukumu la jambazi la kiume. Ukigawa majukumu kwa umri na sura unawarudishia maisha yaleyale ya nje.

Hatua ya 7: Onyesho, au lisiwepo

Wao ndo waamue, kwa kura ya siri, na hata mmoja akiwa hajajulikana kwa ndugu zake basi mtafute namna: wageni wa kualikwa tu, au sauti bila sura. Februari ni mwezi wa historia ya LGBT Uingereza kwa hiyo maktaba na kumbi zinatafuta vitu vya kuonyesha, ni rahisi kupata nafasi. Dakika ishirini zinatosha. Waliokataa kupanda jukwaani wawe na kazi ya kweli, taa, mlango, kumkumbusha mtu mstari.

Kama uko ndani ya nyumba ya wazee

Hapo usifungue "darasa la LGBT", kwenye nyumba ya wakazi thelathini ukimwita mtu mmoja darasani umeshamtangaza kwa wote. Wengine walioishi wazi miaka mingi wakianza kuogeshwa na wageni wanajificha upya, wanatoa picha za mpenzi wao ukutani. Fungua darasa la wote, alafu kwenye maigizo usifanye kila wapenzi wawe mume na mke, wanaohusika watasikia. Na kama dini yako inakupa shida na haya, Equality Act ya 2010, sheria ya usawa, haikuulizi unaamini nini, inaangalia umemhudumiaje. Nadhani wengi wetu tukishamjua mtu kwa benchi na kabichi ile shida inapungua, lakini hata isipopungua kazi ni ileile.

Hatua ya 8: Kupima, na pesa

Wafadhili watataka namba. Tumia ile skeli fupi ya Warwick-Edinburgh ya kupima hali ya kujisikia vizuri, maswali saba, mwanzoni na mwisho wa muhula. Wewe mwenyewe angalia nani anafika mapema, nani ameanza kumpigia nani simu, nani amenunua shati jipya. Bima, DBS (ukaguzi wa rekodi za uhalifu) na taratibu za usalama wa washiriki vipange kabla ya kufungua mlango. National Lottery Community Fund wana ruzuku ndogo kwa vikundi vya mtaani, na bakuli la lipa unachoweza likae karibu na birika na sio mlangoni.

Hatua ya 9: Akikosekana mtu

Chagueni wawili wa kupiga simu siku hiyohiyo, sio wewe mwalimu, wenzake. Na simu isiwe ya kumkagua, iwe "benchi letu halikwenda bila wewe, wiki ijayo upo?" Mara mbili hapokei, mmoja aende mlangoni, kwa hiyo siku ya kuandikishwa uliza kabisa nani ana ufunguo wake. Akifa mtu usiendelee na ratiba kama kawaida. Kila mtu muulizeni kabla, akiwa bado mzima, anataka asemweje, maana ndugu wakifika wanaweza kumzika kwa maisha ambayo hakuishi.

Na usifunge mwezi mzima wa Desemba. Walimu wote wanafunga, kumbi zinafungwa, na wiki mbili za Krismasi na mwaka mpya ndo mbaya kuliko zote kwa mtu asie na watoto wa kumwalika. Tafuta hata kafe iliyo wazi tarehe 27 au 28, usiite mkutano, sema ni mazoezi ya benchi. Mabasi London hayatembei kabisa Krismasi yenyewe, na siku zinazofuata angalia ratiba, panga teksi ya kugawana kwa wale wa mbali, majina yaandikwe kwenye karatasi mapema Desemba.